Bunduki ya Marehemu Nasser

Sib, Alkhamis

Said anataka jibu kesho, kama nainunua bunduki au siinunui, na mimi nnaogopa kuirudia nyumba yao ile.

Bunduki yenyewe haina kasoro. Ni ya kulenga shabaha, nusu otomatiki, mtutu safi, karatasi zake zote zipo. Alikuwa nayo nduguye, marehemu Nasser, ambaye mimi sikupata kumjua.

Kilichoniudhi ni kitako. Mikono yangu mirefu, kila bunduki huwa lazima nikirefushe. Hii niliitia begani ikakaa. Hata shavu langu likaangukia pale pale palipochakaa.

Nikahakikisha haina risasi, nikafyatua tupu mara tatu, kama nifanyavyo siku zote.

Said akageuka rangi. "Na yeye akifanya hivyo hivyo, kila baada ya Alasiri. Mara tatu."

Mama yao, ambaye haoni tena, akaita kutoka chumba cha ndani: "Nasser, umerudi mwanangu?"

Nikamwonea huruma bibi wa watu, nikajibu mimi: "Naam, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na huyo mgeni wako, mbona hatoi salamu?"

Mgeni pale nilikuwa mimi tu.