Valvu ya Pili

Ipuli, Tabora

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu umeacha kukusumbua. Mvua za huko Ulyankulu zimenyesha, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi nipo, mama. Nisikudanganye kwa kusema sijambo.

Ningepiga simu, lakini ningeanza kulia hata kabla hujasema marahaba. Ndiyo maana nimeandika, nikampa jirani yetu Leodgar akuletee.

Kile kikohozi nilichokwambia ni cha vumbi, si cha vumbi. Ile valvu ya chuma, kilango cha kupitishia damu, niliyowekewa moyoni nikiwa darasa la saba, ukachinja mbuzi kwa shukrani, imeota nyama pembeni na haifunguki sawasawa. Lazima nipasuliwe tena, Dar es Salaam, mwezi huu huu. Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mara ya pili ni ngumu zaidi, maana moyo umegandana na mfupa wa kifua. Mume wangu ndiye aliyeuliza maswali yote. Mimi nilitazama viatu vyake tu, vimeisha visigino. Emilian amechoka, mama, na hasemi.

Kisha tukaambiwa tuchague. Valvu ya mnyama, inayotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, ingeniruhusu kuzaa, jambo ambalo hii ya sasa imeninyima, ila huchakaa, na baadaye ningepasuliwa mara ya tatu. Ya chuma hudumu, lakini vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda ni hatari kwa mimba. Mama mkwe alishapiga magoti kushukuru kwamba ya mnyama ipo. Emilian alisema nitakachochagua ni chake pia, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Nimechagua ya chuma.

Najua unavyomngoja mjukuu umwite Shigela, jina la marehemu baba lirudi nyumbani. Nimebaki mimi tu wa kulirudisha, na sitalirudisha. Nisamehe au kasirika, vyote ni haki yako. Lakini umemzika baba, ukamzika na kaka Festo. Mimi usinizike. Nataka nikuzike mimi, ukiwa bibi kizee msumbufu usiye na jino hata moja.

Msalimie shangazi Advera na wa kanisani wote. Waniombee, ila wasiulize sana. Imakulata, binti wa shangazi, akijifungua salama, na akiwa wa kiume, mwombe ampe mtoto jina la baba. Nikipona nitakuja kumbeba, na nitamwita baba.

Mwanao akupendaye,
Recheli