Karai la Matanga, Kaloleni

Dada yangu Rasoa,

Hamjambo huko? Usidanganywe na picha ya twiga kwenye kadi hii, sikuja kutalii. Mimi niko Kaloleni kwa kaka yetu Wafula, matangani. Kipindupindu kimemchukua Nekesa, kitindamimba wake.

Asubuhi watu wa afya walikuja wakatudunga sote sindano ya kinga hapa uani. Nesi akasema tunawe kwa maji ya kumiminiwa. Tukaitikia kama watoto wa shule.

Mchana ugali ukaja, na karai moja la maji. Wakanawa wazee, wakafuata wageni, kisha akina mama. Lilipowafikia watoto, maji yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria. Nikainuka niyamwage. Kaka akanishika palepale penye sindano.

"Unatuaibisha mbele ya wageni? Si tumeshadungwa!"

Nikamuuliza, "Nekesa alikuwa ananawa wa ngapi hapa kwako?"

Akauachilia mkono wangu. Karai likaendelea.

Nisalimie wanao, nimewakumbuka sana. Ukiwanawisha, wamiminie kwa kikombe, dada, na uanze na yule mdogo.

Nduguyo,
Nafula