Mpangaji Wangu Ametolewa kwa Mkopo

Shoga, upo? Yule mchezaji mgeni, mpangaji wangu wa chumba cha uani, klabu imemtoa kwa mkopo nchi nyingine. Hajamaliza hata wiki tatu kwangu!

Redio imetangaza sasa hivi, hapa hapa barazani. Kinyozi na fundi viatu nusura washikane mashati. Kinyozi anasema, "Mwacheni akakomae huko, atarudi moto." Fundi viatu akamrukia, "Akakomae, kwani ndizi? Hatujamwona hata akigusa mpira!"

Nikawauliza, mtu anaazimwaje kama sufuria? Wakacheka. "Bibi, ndio mpira huo."

Sasa sikia. Mlango ukafunguka, akatoka mwenyewe na kandambili zake. Lugha yetu haijui. Kasikia jina lake linatajwa, akadhani wanamshangilia! Akawapa mkono mmoja mmoja, anacheka meno yote nje. Wazi kabisa kwamba hajaambiwa. Wale mabingwa wa maneno, kila mtu anatazama viatu vyake.

Nami, shoga? Ningemwambiaje, kwa lugha gani?

Akaja kunionyesha picha kwenye simu: mkewe kambeba mtoto, mabegi yamefungwa. Akanyoosha vidole vinne. Siku nne, wanakuja kuishi naye hapa.

Kisha akasema yale maneno niliyomfundisha mwenyewe, "Bibi, hapa nyumbani?"

Nikamwitikia, shoga. Nikamwambia ndiyo, baba, nyumbani.