Kitambaa Nilichokikata kwa Ajili ya Gari la Babu

Barazani kwa Fundi Ezekia,
Makambako, Wilaya ya Njombe.
12 Septemba, 1955.

Mpendwa Kaka Mika,

Kamwene, kaka, na kamwene tena, maana najua huko Korogwe hakuna wa kukusalimia kwa lugha ya nyumbani isipokuwa Linus, na Linus salamu zake ni za kuomba tumbaku. U mzima? Ile homa iliyokulaza mwezi wa sita imekuacha kabisa? Na tumbo je? Sisemi tumbo la ugonjwa, nasema hilo la ukarani, ambalo Linus alipokuja likizo alituambia siku hizi linaingia mlangoni kabla yako.

Mimi ni mzima wa mwili. Mama mzima, Tabea mzima na mdomo wake mzima. Upepo wa vumbi umeanza, tunakula mchanga pamoja na ugali. Habari za Bibi nitakueleza, lakini si hapa juu. Kama umesimama kwenye mizani yako ya mkonge, shuka kwanza, uketi.

Nianze na la furaha. Dada yetu Tabea anaolewa Jumamosi tarehe moja Oktoba, kanisani Ilembula, na yule dresa wa hospitali, mfunga vidonda mwenye masikio makubwa. Ameshabarikiwa na wazee wote, kwa hiyo masikio tumeyasamehe.

Na kanisani atakwenda kwa gari la Babu. Umesoma sawasawa, usirudie mstari. Lile lile lililolala bandani kwetu Mdandu miaka kumi na minne, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Yule Mzungu wa shamba la pareto alipomwachia marehemu Babu Danieli lilikuwa limekwisha kufa, lakini Baba Mdogo Enoki amelifufua. Alilivuta kwa ng'ombe sita mpaka hapa Makambako, akalifungua lote likabaki mifupa, akapata magurudumu kwenye lori lililopinduka, vingine akavitengeneza mwenyewe kwa tupa na matusi. Sasa linakwenda. Linakohoa, linapiga chafya, kwenye mlima linataka kusukumwa, lakini linakwenda. Amelipaka rangi yake ileile ya zamani, nyekundu iliyozidi kuiva, kama maini mabichi.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Unaikumbuka picha ya ukutani kwa Mama, Bibi bado mbichi, amesimama ameshika mlango wa gari hilo kana kwamba ameliendesha yeye? Amevaa gauni alilopewa na mke wa yule Mzungu, kiuno kimeshuka nyongani, kola pana, marinda madogo chini. Siku zote Bibi husema gauni lile na gari lile vilikuwa rangi moja. Basi nikasimama mbele ya watu, nikasema nipewe kitambaa cha rangi ya gari, nami nitamshonea Tabea gauni la pichani, tena langu litalizidi lile la Ulaya.

Tabea akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Fundi wa viraka vya makalio?"

Kaka, unanijua. Niliacha shule darasa la nne, lakini si kwa ujinga, ni mwalimu aliyechoka na maswali yangu. Kwa mkasi simwogopi mtu kutoka hapa mpaka Njombe mjini. Lakini kitambaa sikukipata. Nilizunguka maduka yote ya Makambako, nikaenda Njombe, duka kwa duka. Kimoja chekundu kama nyanya, kingine rangi ya tofali. Nilikuwa natembea na kifuniko cha kopo la rangi ya Baba Mdogo, nakilinganisha, wenye maduka wakaanza kunifukuza.

Sasa keti, kama hukuketi.

Bibi yuko hospitali Ilembula, leo wiki ya tatu. Ni kifua. Mama yuko naye. Mama akaniagiza niende Mdandu, nifungue sanduku la Bibi, nimpelekee blanketi. Nikaenda. Chini kabisa ya sanduku, kaka, chini ya blanketi, nikaona kitambaa cha satini kimekunjwa vizuri, yadi nane, rangi ya maini mabichi! Nilikitoa nje juani nikapiga mwano hata mbuzi wakakimbia. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweupe, na ndani ya mkunjo mlikuwa na mche wa sabuni ambao haujaguswa, na sindano mpya. Mimi nikasema moyoni, Bibi mjanja huyu, amemwekea Tabea zawadi ya harusi kimyakimya, hata sindano ya fundi ameiweka. Blanketi nikampa dereva wa lori alipeleke. Kitambaa nikaondoka nacho.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Jumanne asubuhi nikakitandika barazani, nikachora kwa chaki, nikakikata. Sijawahi kukata vizuri namna ile. Mkasi ulikuwa unateleza kama unaogelea. Hadi Alhamisi gauni limesimama, bado pindo tu. Nikalitundika kwenye mlango wa gari, gari na gauni vikawa kitu kimoja, watu wa njia panda wakaacha shughuli zao wakaja kutazama. Nilikuwa najipongeza kwa sauti.

Akaja Shangazi Vestina kutoka Wanging'ombe, na kikapu chake cha njegere. Akalishika gauni. Akaitazama sabuni, maana nilikuwa nanawia ileile. Kikapu kikaanguka.

"Hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Sandukuni kwa Bibi, Shangazi. Kizuri, sivyo?"

"Kilikuwa kimefungwa uzi mweupe?"

"Ndiyo."

"Na sindano?"

"Ndiyo, hii hapa, nimepigia vifungo."

Kaka, alikaa chini pale pale mavumbini, mwanamke mzima, mikono kichwani. "Ezekia, umemkata mama yangu! Hiyo ni sanda yake!"

Sijui kama Bibi alikueleza alipokuagiza hicho kitambaa. Ndicho ulichomletea wewe mwaka juzi kutoka Tanga. Shangazi anasema bibi zetu wote huweka hivyo: nguo ya kuzikiwa, sabuni ya kuogeshwa, sindano isiyoshona kitu kingine. Mkasi hauruhusiwi kuipita mwenyewe akiwa hai. Siku ikifika inachanwa kwa mikono. Wasichana wanaambiwa na mama zao. Sisi wavulana nani atuambie? Nilimuuliza hivyo, akanijibu kwamba wavulana wenye akili hawafungui mafundo ya wazee.

Nikajaribu kucheka. Nikasema kitambaa ni kitambaa. Lakini sabuni ile sikuinawia tena.

Ijumaa likapita lori likitoka Ilembula, na dereva ana maneno ya Mama. Bibi amezidiwa. Hali chakula, hazungumzi, amegeukia ukutani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, tangu Jumanne asubuhi.

Kaka Mika, mimi ndiye yule niliyelala makaburini kwa kushindana na wewe, ukakimbia wewe. Lakini siku hiyo nilishindwa kukanyaga cherehani. Mkasi nimeufungia kabatini, uzi naukata kwa meno. Kila lori likipunguza mwendo pale njia panda, nasema hilo limekuja na msiba. Watu wakiita "Fundi!" naruka. Na gauni nalo lilikuwa limening'inia pale, halina kichwa, upepo unalijaza. Nikaligeuza litazame ukutani. Hapo nikakumbuka Bibi amegeukia ukutani, nikaligeuza tena.

Shangazi alinikataza kabisa nisimwambie Bibi. Alisema akijua tu, ndiyo mwisho. Baba Mdogo naye akasema asipojua ni mbaya zaidi, ataitafuta nguo yake asiione. Walibishana juu ya kichwa changu kama mimi ni gogo. Tabea hakucheka tena. Alilia, akasema hawezi kuingia kanisani amevaa kaburi la bibi yake, na nani ataendelea kutaka kumwoa akisikia.

Jumamosi asubuhi Baba Mdogo akaliwasha gari la Babu, akaniambia niingie. Gauni nikalikunja kwenye gazeti, na kipande kilichobaki nikakitia mfukoni. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu gari liharibike. Siku nyingine zote linaharibika. Siku hiyo lilikwenda kama jipya.

Tulipoingia uwanja wa hospitali likapiga chafya tatu, ile ya mwisho kubwa. Mama akatoka mbio barazani, nikajua Bibi amekwisha kufa. Kumbe Mama anasema, "Ameketi! Amesikia gari, ameketi mwenyewe!"

Bibi alikuwa amekonda, kaka. Shingo imekuwa kama ya kifaranga. Lakini macho yaleyale. "Hilo ni gari la mume wangu," akasema. "Nani analitesa hivyo?" Baba Mdogo akasalimu. Kisha akanitazama mimi na gazeti langu. "Na wewe umebeba nini, nyama?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana. Haukutoka. Nililifungua gazeti, nikaliweka gauni mapajani mwake, nikapiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji. Hakulitazama. Alilipapasa kwa vidole, polepole, akaijua satini yake kabla sijasema neno.

"Kwa mkasi?"

"Kwa mkasi, Bibi."

Nilikuwa nasikia kifua chake kinavyokwaruza. Mama alikuwa hajui kitu, sasa akaelewa, akaziba mdomo. Nilihesabu pumzi za Bibi, kaka, kila moja nadhani ndiyo ya mwisho na mimi ndiye niliyeikata.

"Kilichobaki kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni. Akakipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara moja, mara mbili. Akakilaza miguuni pake. Hakikufika magotini.

"Sasa niende huko na magoti nje?" akasema. "Danieli ataniuliza nimetoka wapi. Siendi. Mwandikie Mika aniletee kingine, akilete kwa mkono wake, mimi nitangoja." Kisha akamgeukia Mama. "Na uji uko wapi? Mnataka ningoje na njaa?"

Akanywa bakuli zima. Mama alikuwa analia na kijiko mkononi. Kuhusu Tabea, Bibi alisema avae tu, kwani yeye hajaivaa, na sanda ambayo maiti hajaivaa ni sanda gani. Mwisho akalinyanyua gauni dirishani. "Na kiuno umekiweka juu mno. Changu kilikuwa huku chini. Kifumue." Mimi, Ezekia, fundi wa Makambako nzima, nimeambiwa nifumue.

Nilirudi nikiimba. Lakini tangu jana, kaka, woga umerudi, na huu ni mbaya kuliko ule. Bibi amesema atangoja kitambaa. Hajasema atafanya nini kikifika.

Mama anakusalimu sana, na Baba Mdogo Enoki, na Tabea anayesema usipokuja harusini hatakuita kaka tena. Shangazi Vestina amenisamehe nusu. Nusu nyingine anangoja Bibi atoke hospitali. Msalimie Linus, mwambie tumbaku hakuna. Mungu akufunike huko uliko, akulinde na homa na wasichana wa Kitanga.

Najua ukiisoma barua hii utakimbilia dukani, kwa sababu una moyo mzuri na hukatai agizo la Bibi. Usikimbilie. Omba ruhusa, panda gari, uje umwone akiwa bado anatugombeza. Nakuomba, kaka, na sijawahi kukuomba kitu kwa adabu namna hii. Njoo. Lakini njoo mikono mitupu.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akikutania,

Ezekia