Viazi Vidogo Juu

Mjukuu wangu Wambui,

Natumai umeanza kulizoea joto la Mombasa. Huku Subukia tuko salama. Mvua ilichelewa, lakini hayo tuyaache. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, na mjomba wako bado anawapelekea wateja wa Nakuru katoni za mboga kila Ijumaa.

Umeniuliza kwa nini nikipanga katoni naweka viazi vidogo juu, mteja avione kwanza.

Nikiwa msichana niliuza viazi kando ya barabara. Sote tulijaza ndoo namna moja: vidogo chini, vikubwa juu. Siku moja mama mmoja wa kanisa letu alinunua ndoo nzima, akaniomba nimwazime na ndoo yenyewe.

Kesho yake mimi na mama yangu tulienda na akina mama wengine kumwona jirani aliyejifungua. Yule mama alikuwepo, na zawadi yake ilikuwa ile ndoo ya viazi. Walipomwaga viazi kwenye karai, vikubwa vilikuwa vichache. Vilivyobaki vilikuwa kama njugu.

"Mnisamehe," yule mama akasema. "Sikuchagua vizuri."

Nilikuwa nimeketi mbele yake, na hakunitaja. Mimi pia sikufungua mdomo.

Tulipokuwa tunaondoka akanipa ndoo yangu. "Asante kwa kuniazima, mtoto wangu."

Ilikuwa tupu, Wambui, na sijawahi kubeba ndoo nzito kama ile.

Ule vizuri huko.

Shosho yako