Baba Baraka ni Yule wa Pinki

Mama Baraka wangu,

Kabla sijasema langu, nipe hali za huko. Kifua cha mama kimetulia? Na paa la jikoni, yule fundi amerudi au bado anakula viapo? Mimi ni mzima. Baridi ya hapa Joubert Park inauma mpaka kwenye kucha, lakini nakula, nalala, nakuota. Mshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Nimepata habari kwamba Baraka amepigana kwenye banda la video. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Eti amewaambia wenzake baba yake ni yule mpiganaji mwekundu, kiongozi wa wale watano wa kwenye mkanda. Wakamwita mwongo, maana mwekundu akivua helmeti anatokea Mzungu. Sasa mwanao anataka picha ya kuwafunga midomo. Kichwa kigumu hicho hakukitoa kwangu, shauri yako.

Kazi yangu unaijua. Siku za wiki nalinda geti, Jumamosi mimi na wenzangu wanne tunavaa mavazi ya wale watano, tunacheza kwenye sherehe za watoto. Baraka nilimwambia kwenye simu kwamba mimi ni mmoja wa wale watano. Rangi hakuuliza, nyekundu alijichagulia mwenyewe. Wewe sasa nakuambia, na usicheke mbele ya mama: mimi ni wa pinki. Ndiyo, yule mwenye kisketi.

Nifanyeje? Vazi la pinki ni dogo, na kati yetu mwembamba ni mimi. Mwekundu ni Nomvula, binti wa Kizulu mrefu kama nguzo ya umeme. Ana teke huyo, we acha tu!

Nikamsimulia Mwamba, fundi Mkongo wa kule Malvern anayetushonea mavazi yakichanika. Akaacha cherehani. "Anatokea Mzungu? Ngoja, ndugu yangu." Akanionesha kwenye simu mchezo wenyewe wa mwanzo, wa Japani. Mama Baraka, nilishika mdomo. Teke lile lile, moshi ule ule, lile dude lao kubwa la chuma lile lile, lakini helmeti ikivuliwa anatokea Mjapani! Kumbe Wazungu walichukua mapigano ya Wajapani, wakaweka watu wao pale sura zinapoonekana. Halafu mtafsiri wetu wa bandani naye akapachika sauti yake ya Kigoma juu yake. Mwamba anasema hata huko Japani, ndani ya vazi la mwanamke mara nyingi alipigana mwanamume. "Kwa hiyo usione haya, patron," akaniambia, akarudi kushona.

Hata hivyo, bado nikaona haya. Jumamosi iliyopita tulikuwa na sherehe Randburg, kwenye nyumba moja yenye bustani. Tulipomaliza, nikamwomba Nomvula anisaidie, mwanangu apumue. Akasema, "Eish, rahisi. Nipige picha mimi na helmeti yangu, mwambie mtoto ni wewe. Nani atajua?" Tukajificha jikoni, nikampiga picha. Kweli, nani angejua.

Jasho lilikuwa linanitiririka, nikavua helmeti nipate hewa. Tajiri wetu amekataza kabisa kuivua mbele ya watoto, na mtoto mwenye sherehe si ndiyo akaingia! Kabinti kamevaa pinki juu mpaka chini. Kakanitazama ndevu, kakatazama kisketi. Nikasema leo kazi imeota mbawa. Kakashusha macho kwenye viatu vyangu. "Ni wewe," kakasema. "Viatu ni vile vile." Kisha kakanyoosha mguu nifunge kamba ya kiatu chake, kakakimbilia keki yake. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Nikabaki nimepiga goti pale sakafuni. Nilipoinuka, nikampa Nomvula simu, nikamwambia anipige na mimi, helmeti ikiwa kwapani.

Msalimie mama sana. Msalimie shemeji yangu fundi baiskeli, mwambie deni la utani analo. Na jirani yetu muuza dagaa, mwambie huku dagaa wake nawaota baada yako.

Sasa picha. Simu yako ya tochi haizifungui, nimezisafisha, anakuja nazo mbeba barua hii. Ya nyekundu ni Nomvula. Ya pinki ni mimi, na ndevu zangu na jasho langu. Mpe Baraka zote mbili, mwambie ukweli nani yuko ndani ya ipi, achague mwenyewe ya kwenda nayo bandani. Akichukua nyekundu usimgombeze, naye ana vita vyake. Ila mimi itaniuma, sikufichi.

Ninachoogopa hasa si hicho. Nilimwacha ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Naogopa ataitazama ile ya pinki, aitazame sana, halafu akuulize, "Mama, huyu nani?"

Akiuliza, usimwoneshe uso. Mwoneshe viatu. Ndivyo vile ulivyoninunulia kwa safari, soli tu nimebadilisha. Mwambie asubuhi ile naondoka alikuwa ameviingizia miguu yake yote miwili, anaviburuta uani, na baba yake akashindwa kumvua, ukamvua wewe.

Wako asiyebadilika ndani ya rangi yoyote,
Baba Baraka