Waya wa Chumba cha Doto

Jumapili, 9 Novemba 1997

Kulwa amepiga saa kumi, kama kila Jumapili, kutoka Uswidi. Mikwaruzo tele. Akauliza, "Baba, Doto yuko wapi? Mbona hasogei kwenye simu?" Nikasema sikusikii, laini mbaya. Nikaweka mkono wa simu chini.

Nilimsikia. Kila neno.

Jumatatu, 10 Novemba

Miguu imevimba tena mpaka magotini. Daktari amesema moyo umechoka, niwaite watoto. Watoto! Doto tulimzika Juni. Shimo la dhahabu lilimfukia kule Nyarugusu. Kulwa, pacha wake, hajui. Wakati ule alikuwa mjamzito na mimba ilimsumbua. Nikasema ajifungue kwanza. Alishajifungua. Sina tena kisingizio isipokuwa simu mbovu.

Naandika ukweli: nimeifurahia simu hii mbovu. Nimejificha ndani ya makelele yake.

Barua siwezi. Asome peke yake kwenye ngazi za ghorofa ya watu, ugenini? Lazima asikie kutoka kwangu, na asikie vizuri. Nikitangulia, atakuja kuzika mmoja na kukuta makaburi mawili.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefuata waya tangu nguzoni. Aibu. Unapita juu ya bati, pale mke wangu, Mama Kulwa, anapoanika michembe ya viazi vitamu. Kiungo kimoja kimeota kutu ya kijani. Ukutani ndiko kwenye balaa. Kila wingu likitanda, yeye huchomoa ncha za waya kwa kuogopa radi, kisha huzirudisha kwa kusokota. Nyuzi karibu zote zimekatika.

Nimekata, nimekwangua, nimesokota upya, nimezungushia tepu nyeusi. Kupanda stuli kidogo, kulala mchana mzima.

"Mwalimu mzima unakimbizana na waya kama panya," Mama Kulwa alisema. Lakini stuli aliishika.

Nikainua mkono wa simu. Bado inakwaruza.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimejua. Ni tawi la waya liendalo chumbani kwa Doto. Alilivuta mwenyewe ili apigiwe bei ya dhahabu akiwa kitandani. Mvivu yule. Waya wa spika, si wa simu, na msumari umepita katikati yake. Nikilitenganisha, sauti safi. Nikiligusisha, makelele. Nimejaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama Kulwa amekataa. "Waya wa mwanangu huukati." Simu ya chumba kile huifuta vumbi kila asubuhi. Hajamlilia Doto. Wazee wa ukoo walisema pacha akifa haliliwi, naye akatii. Mimi msomi nikanyamaza. Kimya kilinifaa.

Naogopa. Nikilala chali pumzi haitoshi. Nimebakiza Jumapili moja, labda mbili.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama Kulwa amekata yeye mwenyewe. Kwa kisu cha jikoni. Nilimkuta ameshaukunja waya kama kamba ya mbuzi, ameuweka juu ya mto wa Doto.

"Sasa huna pa kujificha, Baba Kulwa."

Kumbe alijua siku zote.

Jumapili, 16 Novemba

Wingu zito. Radi upande wa Bulyanhulu. Simu ikaita. Mama Kulwa akanyoosha mkono kuchomoa waya, halafu akaurudisha mapajani.

Kulwa alisikika kama yuko jikoni kwetu. Hata mtoto nilimsikia akicheua. Nikasema: Doto amekufa, mwanangu. Tangu Juni. Mimi ndiye niliyekuficha, si mama yako.

Kimya. Kimya safi kabisa, bila hata mkwaruzo mmoja wa kunisaidia. Nilitamani radi ipige nguzo.

Kisha akasema, "Usikate, Baba."

Sikukata. Alilia nikasikia yote. Mama Kulwa akaninyang'anya mkono wa simu, akasikiliza, naye akaanza kulia kwa sauti, mpaka majirani wakaja huku mvua ikinyesha. Wazee watasema. Waseme.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua imekatika. Michembe imelowa yote. Kulwa amesema atakuja Desemba, pamoja na mtoto. Sijui kama atanikuta. Hakusema amenisamehe, sikuuliza.

Mama Kulwa amelala, mchana huu, mdomo wazi. Sijamwona akilala hivyo tangu Juni.

Wingu jingine linapanda. Waya nimeuacha ukutani, sijauchomoa.